Jina la mtoto la Kiayalandi: tathmini ya abair.ie, teanglann.ie, Forvo na zana ya majina ya CSO

Mzazi anayesoma Kiswahili na anayetaka kumpa mtoto jina la Kiayalandi aanzie abair.ie. Ni ya bure, na itamsomea jina kwa sauti kabla macho hayajamdanganya. Baada yake aende teanglann.ie, maktaba ya kamusi zenye sauti, kisha Forvo, yenye rekodi za watu wa kujitolea. Zile tovuti za orodha ndefu za majina na maana zake, ambazo hutokea juu kabisa kila ukitafuta, zinafaa kwa kupata mawazo tu. Zana ya majina ya Ofisi Kuu ya Takwimu ya Ayalandi, inayojulikana kama CSO, haitakufundisha kutamka chochote, lakini itakuonyesha jina unalolipenda ni la kizazi gani.

Orodha za majina zinatuangusha sisi zaidi kuliko wengine, kwa sababu maelezo yake ya matamshi yameandikwa kwa msomaji wa Kiingereza. Kwenye Aoife wanaandika EE-fa, kwenye Caoimhe KEE-va, kwenye Niamh NEEV, kwenye Róisín ro-SHEEN. Aliyezoea kusoma Kiswahili atasema Eefa, Keeva, Neev, Rosheen, na atakuwa amekosea yote manne, maana hiyo "ee" yao ni "ii" yetu. Majina hayo ni Iifa, Kiiva au Kwiiva, Niiv na Rooshiin. Kwenye Méabh wanaandika MAYV, nawe unajikunja kutafuta sauti ya ajabu, kumbe ni Meev, e ndefu iliyonyooka kabisa. Tadhg wanaliandikia TIGE. Jina lenyewe ni Taig, silabi moja, a na i zikifuatana haraka. Kwa hiyo ukikuta maelezo ya namna hiyo, usiyasome kabisa. Tafuta sauti.

Kasoro yao nyingine ni kuchanganya majina yanayotumika Ayalandi na yale yaliyozaliwa ng'ambo kwa wajukuu wa wahamiaji. Colleen, kwa mfano, limetoka kwenye neno la kawaida la Kiayalandi, cailín, yaani msichana, na wazazi wa Ayalandi kwa desturi hawamwiti mtoto hivyo. Limestawi zaidi Marekani. Halafu orodha nyingi hudondosha fada, kile kistari cha mshazari juu ya irabu. Seán bila fada ni sean, neno lenye maana ya kuukuu au -zee. Rían ni jina lenye neno rí, mfalme, ndani yake. Rian bila fada ni alama au nyayo. Fada ni sehemu ya tahajia yenyewe, na orodha isiyoiheshimu haifai kuaminiwa hata kwa maana.

ABAIR.IE

Hii ni kazi ya maabara ya fonetiki ya Trinity College Dublin. Unaandika maandishi ya Kiayalandi, unachagua lahaja, na kompyuta inakusomea. Lahaja ni tatu: ya Ulster, inayosemwa Donegal kaskazini, ya Connacht, upande wa Conamara magharibi, na ya Munster, upande wa Kerry kusini. Kama mzazi mmoja ana asili ya huko, chagua lahaja ya kaunti ya watu wake: Donegal ni Ulster, Galway na Mayo ni Connacht, Kerry, Cork na Waterford ni Munster. Kama familia ni ya Dublin, sikiliza zote tatu, chagua moja na ukae nayo, kwa sababu mtoto atahitaji wazazi wake wote wawili wamwite namna moja.

Usiandike jina peke yake. Neno lililokaa pweke hutoka kavu, na mwisho wake hukatika kabla sikio halijalishika. Andika sentensi fupi: "Is mise Aoife", yaani mimi ni Aoife. Kisha andika salamu: "Dia duit, a Aoife". Rudia kwa lahaja zote tatu. Baada ya hapo ndipo uandike matamshi kwa herufi zako mwenyewe, kwa Kiswahili, kwenye karatasi utakayowapa bibi na babu. Karatasi hiyo itawasaidia kuliko maelezo yoyote ya Kiingereza, kwa sababu irabu zetu tano zinatosha karibu kila jina, na ukiziandika mara mbili zinatoa urefu wa fada bila shida.

Fada iandike. Kwenye simu bonyeza irabu na uishikilie, zitatokea chaguzi. Kwenye kompyuta ya Windows yenye kibodi ya Uingereza au ya Ayalandi, shika Alt Gr ubonyeze irabu. Ukiiacha, kompyuta itasoma neno jingine, tena bila kukuonya, nawe utaondoka na tamko ambalo si la jina lako. Vivyo hivyo kwa tahajia za Kiingereza kama Maeve au Keeva: sauti hii imetengenezwa kusoma Kiayalandi, kwa hiyo mpe Méabh na Caoimhe. Tahajia za zama za kale nazo zitakupotosha. Medb na Meadhbh ni jina lilelile la Méabh, malkia wa Connacht katika hekaya. Medb ni ya Kiayalandi cha kale, ambacho herufi zake zilisomwa kwa kanuni nyingine. Conchobhar siku hizi huandikwa Conchúr. Tumia umbo la kisasa kwa kusikiliza, hata kama moyo wako uko kwenye la zamani.

Ili uelewe kinachosomwa, chukua Caoimhe na uifungue vipande. C ni k siku zote; haiwi s, haiwi ch. Aoi ni ii, na ni hivyo kaskazini mpaka kusini. Mh hapa ni v. E ya mwisho ni irabu hafifu, karibu na a iliyotamkwa kwa haraka. Lakini kwa nini wengine husema Kwiiva? Kila konsonanti ya Kiayalandi ina hali mbili, pana na nyembamba. Iliyopakana na a, o au u ni pana. Iliyopakana na e au i ni nyembamba. Konsonanti pana ikikutana na sauti ya i huacha kivuli cha w: Caoimhe inakuwa Kwiiva, Muireann inakuwa Mwirin. Nyembamba ikikutana na a, o au u huacha kivuli cha y: Fionn inakaribia Fyun. Anayetamka kwisha na mwiba, vyombo na nyota, anazo sauti hizi tayari, na hapa Mswahili ana nafasi nzuri kuliko Mwingereza. Sikiliza Gráinne kwenye abair: ile nn nyembamba ni ny ya nyumba, na jina linatoka Graanye.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoeleza irabu zinazoonekana kuwa za ziada. Kwenye Seán, e haitamkwi. Ipo ili kuifanya s iwe nyembamba, na s nyembamba ni sh. Kwenye Sinéad, a haitamkwi. Ipo ili d ya mwisho ibaki pana. Siobhán ni sh, kisha irabu fupi inayoelea kati ya i na u, kisha bh ambayo ni v kusini na w magharibi, kisha á ndefu. Conamara utasikia Shuwaan. Dublin, wanapozungumza Kiingereza, á hugeuka kuwa oo kama ya choo ila mdomo ukiwa wazi zaidi, na jina linakuwa Shivoon huku mkazo ukienda mwishoni.

Mtego mkubwa wa msomaji wa Kiswahili uko kwenye h. Sisi tunazo dh, th, sh, gh na ch kwenye alfabeti yetu, na jicho linazikimbilia. Kiayalandi kilipoandikwa kwa hati yake ya zamani, konsonanti iliyolainishwa iliwekewa nukta juu. Hati ya Kirumi ilipochukua nafasi, nukta ile ikawa h. Kwa hiyo h ni ishara tu kwamba konsonanti iliyotangulia imelainika, na matokeo yake mara nyingi hayafanani na yetu. Dh ya Fiadh haina uhusiano na dh ya fedha. Haisikiki kabisa, jina ni Fiia. Clíodhna ni Kliiana. Sadhbh ni Saiv, kwa kuwa adh hutoa ai na bh hutoa v. Th ni h, basi Cathal ni Kahal, wala th yake si ya thelathini. Kwenye Bláthnaid hata hiyo h hupotea, watu husema Bloonid. Fh haisikiki: Caoilfhionn ni Kiilin. Gh katikati ya jina humezwa, ndiyo maana Eoghan husikika Oowan, na Eoin, jina jingine kabisa, husikika karibu vivyo hivyo. Herufi moja ya kutuokoa ni ch: hiyo ni kh ya sheikh, na Donncha ni Dunakha. Wasemaji wengi wa Kiingereza huigeuza k; wewe usiigeuze.

Mapungufu ya abair? Ni sauti ya mashine. Hutamka sahihi na safi, lakini haikuambii jina linavyotamkwa na jirani, mwalimu wa chekechea au nesi wa kliniki. Kwa hilo unahitaji binadamu.

TEANGLANN.IE NA FORVO

Teanglann ni maktaba ya kamusi ya Foras na Gaeilge, chombo cha kuendeleza lugha ya Kiayalandi. Ina sehemu ya matamshi ambamo watu halisi wamerekodi maneno kwa lahaja zote tatu, na ubora wa sauti ni mzuri sana. Ni kamusi ya maneno, haikutengenezwa kwa ajili ya majina ya watu, kwa hiyo utapata vizuri yale majina ambayo pia ni maneno ya kawaida: saoirse, uhuru, aisling, ndoto au maono, sorcha, -angavu. Jina lisilo neno linaweza lisiwemo. Ujanja ni kutafuta neno lenye muundo uleule. Anayehangaika na Oisín atafute maneno mengine yanayoishia -ín, asikie mwisho ule unavyovutwa. Faida nyingine ya teanglann ni kuhakiki maana: kama tovuti ya majina inakuambia jina fulani lina maana ya "shujaa wa mawimbi ya fedha", vunja jina vipande, tafuta kila kipande hapa, na uongo utajitokeza wenyewe.

Forvo ni tofauti. Watu wa kujitolea hurekodi maneno, na kila rekodi inaonyesha jinsia ya msemaji na nchi yake. Majina ya watu yamo kwa wingi. Ubaya ni kwamba jina moja linaweza kuwekwa chini ya Kiayalandi na pia chini ya Kiingereza, na msemaji anaweza kuwa wa nchi nyingine kabisa. Usibonyeze ya kwanza ukaondoka. Shuka hadi rekodi zilizo chini ya Kiayalandi, angalia nchi iwe Ayalandi, sikiliza angalau mbili, halafu sikiliza na ile ya Kiingereza ya msemaji wa Ayalandi. Namna hizo mbili, ya Kiayalandi na ya Kiingereza cha Ayalandi, ndizo zitakazomzunguka mtoto.

Tofauti hiyo ina uzito. Katika sensa ya mwaka 2022, watu 71,968 katika Jamhuri ya Ayalandi walisema wanazungumza Kiayalandi kila siku nje ya shule. Walio wengi huyatamka majina ya Kiayalandi wakiwa ndani ya sentensi za Kiingereza, na matamshi yamefuata mkondo huo. Mkazo ni mfano mzuri. Kwa Kiayalandi cha Connacht na Ulster mkazo huangukia silabi ya kwanza, Munster huuvuta kwenye irabu ndefu, na Kiingereza cha Dublin kwa majina kama Oisín na Siobhán huupeleka mwishoni. Saoirse ni mfano mzuri zaidi. Kwa Kiayalandi ni Siirsha. Mwigizaji Saoirse Ronan hutamka lake Sersha. Wote wawili wako sawa kwao, na mzazi anayechagua jina hili ajue kwamba mtoto atalisikia kwa namna zote mbili maisha yake yote na atalazimika kusema lake ni lipi. Kama hilo linakukera, chagua Aoife: halina ugomvi, ni Iifa kila mahali.

ZANA YA MAJINA YA CSO

Ukishalijua jina masikioni, lipeleke hapa. CSO ina takwimu za majina ya watoto waliosajiliwa tangu mwaka 1964, na zana yake inakuchorea grafu ya jina lolote mwaka kwa mwaka. Mambo mawili yanawakwaza watu. Kwanza, jina lililopewa watoto wasiofika watatu katika mwaka halionyeshwi, kwa ajili ya faragha. Kwa hiyo pengo kwenye grafu halimaanishi kwamba jina halipo. Pili, kila tahajia huhesabiwa peke yake. Ukitaka kujua watoto wangapi wataitikia sauti ya Fiia darasani, tafuta Fiadh, halafu Fia, ujumlishe mwenyewe. Fanya hivyo kwa Méabh, Meabh, Meadhbh na Maeve, na kwa Darragh, Dara na Daragh. Anayeangalia tahajia moja tu hushangaa baadaye kukuta majina yanayofanana yamejaa chekechea.

Isome grafu kwa umri. Sinéad na Siobhán zilitamba kwa kizazi ambacho leo ni akina mama na mabibi. Ni majina mazuri, lakini yana umri. Fiadh ni kinyume chake: liliibuka karibuni tu na mwaka 2021 lilikuwa jina la kwanza kwa wasichana nchi nzima. Kwa wavulana, ujue pia kwamba jina lililotawala miaka mingi hata si la Kiayalandi: Jack lilishika namba moja mwaka baada ya mwaka kuanzia 2007, likapisha James mwaka 2016, kisha likarudi kileleni. Mtu anayeogopa kwamba jina la Kiayalandi litamfanya mtoto aonekane wa kale aangalie grafu za Oisín, Tadhg na Cillian kabla ya kuamua.

Hakuna zana kati ya hizi itakayokuambia jina linasikikaje kwenye nyumba inayozungumza Kiswahili. Hilo ulipime mwenyewe, na ulipime kwa makini. Fiadh, pamoja na uzuri wake wote, masikioni mwetu ni fia, mzizi wa kufia na kufiwa. Kwa Kiayalandi lina maana ya mnyama paa au -a porini, na ni jina la upole. Lakini shangazi anayelisikia kwa mara ya kwanza kwenye simu atasikia msiba. Wengine watalivuka hilo, wengine hawataweza, na uamuzi ufanyike kabla ya cheti. Úna nalo ni jina zuri la zamani, ila kwa kuwa fada haisikiki kwa kila mtu, litakuwa una, sentensi inayosubiri kumaliziwa. Úna uliloita kwa kuvuta u halina tatizo hilo.

Angalia na mwisho wa jina. Kiswahili hupenda irabu mwishoni, na majina yanayoishia konsonanti yataongezewa irabu na ndugu bila wao kujua: Niivu, Saivu, Taigi, Meevu. Si jambo la kugombana nalo, lakini kama ungependa jina lisemwe vilevile pande zote mbili za familia, tafuta yanayoishia irabu. Aoife, Caoimhe, Gráinne, Ciara ambalo ni Kiira, Nóra, Éabha ambalo ni Eeva, Síle ambalo ni Shiile, Clíodhna. Kwa wavulana Dara, Donncha, na Ruairí linalosikika Ruarii. Upendeleo wetu kwa nyumba za lugha mbili ni Nóra na Éabha kwa msichana, na Dara kwa mvulana, kwa sababu hakuna atakayekosea sana hata akiyasoma bila kusaidiwa. Éabha litamsumbua kidogo anayeliona kwa maandishi mara ya kwanza. Anayelisikia hatasumbuka kabisa.

Jambo moja ambalo orodha za majina hulikwepa karibu zote: jina la Kiayalandi hubadilika unapomwita mwenyewe. Sisi tunasema ewe Seán na Seán anabaki Seán. Kwa Kiayalandi unaweka a mbele, konsonanti ya kwanza inalainika, na kwa majina mengi ya kiume mwisho nao unakuwa mwembamba. Seán anakuwa a Sheáin, na sh hiyo ni h: a Hyaain. Séamas anakuwa a Shéamais, a Heemish, na huko ndiko hata jina Hamish la Uskoti lilikotokea, kwa umbo la kumwita mtu la Kigaeli cha huko. Máire anakuwa a Mháire, Tadhg a Thaidhg, Pádraig a Phádraig. Majina yanayoanza kwa irabu au kwa n, l na r hayaonyeshi badiliko mwanzoni: Aoife, Niamh, Ruairí. Mtoto akienda Gaelscoil, shule inayofundisha kwa Kiayalandi, atasikia umbo hili kila asubuhi, kwa hiyo lipimeni na hilo kwenye abair kwa kuandika "Dia duit, a Sheáin". Wazazi wengi hulipenda jina kisha wakashtuka kulisikia limegeuka. Bora kushtuka mapema.

Kama na jina la ukoo litaandikwa kwa Kiayalandi, kumbuka kwamba linafuata jinsia: mvulana Ó Murchú, msichana Ní Mhurchú, ndugu wa tumbo moja.

KUSAJILI

Nchini Ayalandi kuzaliwa husajiliwa ndani ya miezi mitatu, na usajili wenyewe haulipiwi. Unalipia nakala ya cheti. Kabla ya kusaini, soma jina herufi kwa herufi na uangalie kila fada iko juu ya irabu yake. Makosa ya mara kwa mara ni matatu: fada imeachwa, fada imekaa kwenye irabu ya jirani (Aoífe, Séan), au herufi zimebadilishana nafasi, kama Caiomhe, ambapo a, i na o zimepangwa ovyo. Andika jina kwa mkono kwenye karatasi, kwa herufi kubwa na ndogo, umpe msajili. Kutaja herufi kwa mdomo ndiko kunakozalisha makosa hayo. Sheria ya Lugha Rasmi, kwa marekebisho ya mwaka 2021, ina kifungu kinachohusu mashirika ya umma kuheshimu jina la mtu kwa Kiayalandi pamoja na fada yake, kwa hiyo usione haya kusisitiza.

Nje ya Ayalandi hali hubadilika kulingana na mahali. Jimbo la California, Marekani, kwa miaka mingi liliandika vyeti vya kuzaliwa kwa herufi 26 za Kiingereza tu, bila alama yoyote juu. Anayesajili mtoto mahali penye kanuni kama hiyo achague jina ambalo linabaki jina hata likivuliwa fada: Aoife, Caoimhe, Niamh, Sadhbh, Fionn, Tadhg na Cillian hazina fada tangu mwanzo.

Kwenye pasipoti ya Ayalandi fada huandikwa mahali pa jina, lakini mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile inayosomwa na mashine, haina nafasi ya alama, na Seán anakuwa SEAN. Tiketi ya ndege nayo iandikwe hivyo, bila fada, ifuate ile mistari ya chini.